Mgongo wa Skola

Tope la ndiva lina harufu yake, na mtu aliyekulia milima ya Upare hawezi kuichanganya na nyingine. Ni majani yaliyooza, vyura, udongo wa baridi usiojua jua, na ndani yake kitu kitamukitamu kama maganda ya ndizi yaliyosahaulika jikoni. Desemba iliyopita, nilipopanda nyumbani na binamu yangu Skola kwa ajili ya Krismasi, harufu hiyo ilitupokea kabla hatujafika kona ya mwisho. Ndiva ya ukoo wetu ilikuwa imekaushwa ili mafundi waijenge upya kwa saruji. Nilifurahi kama mtoto. Nikamwambia Skola tupite tukaione kwanza, mizigo itajijua, naye akasema miguu inamuuma, tutakwenda kesho. Nikamvuta mkono. Ningejua kilichokuwa kinanisubiri pale ningekwenda vilevile, ila ningetafuta kwanza pa kukaa.

Kwa asiyejua mambo yetu, ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa ubavuni mwa mlima, lenye ukingo mnene wa udongo na mawe. Mfereji unaotoka msituni unalijaza usiku kucha, na asubuhi maji yanafunguliwa yateremke mashambani, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Chini ya ukingo linapita bomba la chuma. Upande wa ndani bomba linazibwa kwa mti mrefu uliofungwa matambara, ncha yake ikitokeza juu ya maji. Mlinzi wa ndiva akiuchomoa, maji yanatokea upande wa nje, chini ya ukingo, kwenye mfereji wa mashamba. Siku za utoto wangu, kabla ya kufungua, mtoto anayejua kuogelea alikuwa anaingia kuondoa majani yaliyojikusanya pale chini, maana bomba likiziba, zamu yenu imekwenda na hakuna wa kuwarudishia. Kwa upande wetu mtoto huyo nilikuwa mimi. Wazazi wangu walikuwa Tanga kikazi, nami nililelewa mlimani na Bibi, mama yake baba, pamoja na Baba mdogo Anaeli ambaye alikuwa bado hajaoa.

Skola alikuja kwetu msimu wa kipupwe, nikiwa darasa la tatu. Baba yake alikuwa mtu wa Songea aliyekuja kukata mkonge na kuishi kambi ya vibarua huko tambarare, upande wa Bendera, akamchukua shangazi yangu bila kupiga hodi nyumbani, na Bibi hakuwahi kulimeza jambo hilo. Shangazi alipougua akalazwa muda mrefu, Baba mdogo alishuka bondeni akarudi na mtoto mwembamba wa makamo yangu, amevaa gauni la nailoni, meno yanagongana kwa baridi. Alisimama uani akasema, "Shikamoo Bibi," kwa sauti ya chini. Bibi akaitika, akamkagua kuanzia kichwani hadi kwenye ndala, hata jina lake la Kikatoliki, Skolastika, akalitamka kama mtu anayetafuna mchanga. Kisha akatoa hukumu mbele yake. "Atakaa mpaka shule zifunguliwe. Nikiona ameleta tabia za kambini hapa, anarudi kwa baba yake siku hiyohiyo." Baba mdogo alikohoa tu. Mimi nilikuwa mlangoni na nilisikia kila neno, na Skola vilevile.

Naomba nieleweke jinsi nilivyompokea. Nilikuwa mtoto wa peke yangu katika nyumba ya watu wazima, nikizungumza na mbuzi na kujijibu mwenyewe. Sasa nikapata mwenzangu wa kulala naye kitanda kimoja chini ya blanketi zito linalonuka moshi. Skola alikuwa anaogopa ukungu. Asubuhi ya kwanza aliamka akadhani msitu unaungua, akaanza kukusanya vitu vyake. Hakujua kuchagua njia kwenye mteremko, alikuwa anashuka kwa makalio, na hakujua kuogelea hata kidogo. Lakini alijua kupiga mluzi kwa vidole viwili hadi mbwa wa ng'ambo ya bonde wanajibu, na alijua hadithi za kambini za watu wa makabila yote, Wamanyema, Wabena, Wangoni, akiwaigiza mmoja mmoja mpaka ninakojoa kwa kucheka. Makande ya Bibi alikuwa anachambua maharage kwanza anakula, halafu mahindi, na Bibi akimwona anavuta pumzi ndefu. Kila jioni tulikuwa tunaomba pamoja kwa siri kwamba shule zisifunguliwe. Zikifunguliwa, basi Bibi awe amesahau alichosema.

Kuna jambo moja ambalo Bibi alimfundisha Skola tangu siku ya kwanza, na alimfundisha kwa kidole. Kuziba mifereji midogo kwa tope na vigogo vya mgomba ilikuwa kazi ya watoto, ruksa. Ila mdomo wa ndiva, pale nje maji yanapotokea, haukaliwi, haukanyagwi, hauzibwi na mwili wa mtu. Anayeuziba kwa mwili wake amewafungia maji watu wote, na akiwa mwanamke ndiyo kabisa. Wazee watakaa, mbuzi atachinjwa, na nyumba iliyomleta itasimama mbele ya watu kwa aibu. Akiwa mtoto wa mgeni, ataondoka. Bibi alikuwa anaongoza kwaya ya akina mama usharika mzima, anajua nyimbo zote za kitabuni bila kufungua kitabu, lakini habari za ndiva hakuzipeleka kanisani. Kwake zilikuwa mambo mawili yenye milango miwili. Skola alisikiliza huku ametoa macho, akaitikia, "Ndiyo Bibi," na tangu hapo akipita karibu na lile bomba alikuwa analizunguka kwa mbali kama kuna nyoka.

Siku yenyewe ilikuwa zamu yetu na ukungu ulikuwa mzito, ule wa kipupwe ambao unanyoosha mkono huuoni. Niliingia ndivani kama kawaida. Maji yalikuwa yananipita kichwa kidogo tu, baridi yake ikabana kifua. Skola alikuwa chini, nyuma ya ukingo, na tope lake tayari mkononi, akisubiri maji yafike kwenye mfereji wetu. Bibi na Baba mdogo walikuwa shambani. Utaratibu ulikuwa mmoja: mtu wa shambani akishakuwa tayari anapiga ukelele, na mlinzi wa ndiva anachomoa mti. Mlinzi wetu alikuwa mzee Kiondo, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Ukelele ukapanda kutoka bondeni. Haukuwa wetu. Alikuwa jirani anamwita mwanawe aliyepeleka ng'ombe, lakini katika ukungu sauti zote zinatoka mahali pamoja, na mzee akajua ni Anaeli. Nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja pale chini, mwingine nikiparua nao majani, mzee alipochomoa mti. Mguu wangu uliondoka kama umevutwa na mtu. Ukaingia ndani ya bomba hadi juu ya goti.

Kelele zote zilikatika. Niliona mwanga wa kijivu juu yangu, karibu kabisa, karibu kiasi kwamba vidole vyangu vilikuwa nje vinapigwa na upepo, na mdomo wangu haufiki. Nilivuta mguu, haukujibu. Mzee Kiondo aliviona vidole, akapiga yowe lililomtoa Baba mdogo shambani mbio na Bibi nyuma yake. Baba mdogo alijitosa na nguo zake. Alinishika kiunoni akavuta, wapi. Akapanda kuvuta pumzi, akazama tena, akavuta mpaka nikahisi nyonga inaachana, wapi. Aliporudi mara ya tatu, mguu ukatoka wenyewe. Sisemi hivyo kwa kupamba. Yeye mwenyewe alisimulia maisha yake yote kwamba mara ya tatu hakuvuta, alinigusa tu, nikamjia mikononi. Alisema Mungu alikuwa ameachia. Nilitapika maji na majani juu ya ukingo, Bibi akinipiga mgongo na kuimba kwa wakati mmoja, na nilipoweza kusema, neno la kwanza lilikuwa, "Skola yuko wapi?"

Walimkuta migombani, chini kabisa, amejikunyata, ametapakaa tope hadi kwenye nywele, gauni limechanika mgongoni na damu inachuruzika. Bibi alimwinua kwa sikio. "Mwenzako anakufa," alimwambia, "wewe unakimbia kujificha?" Skola alifungua mdomo, akamtazama Bibi, akatazama ukingo wa ndiva, akafunga mdomo. Halafu akasema aliogopa, akakimbia, akaanguka juu ya jiwe. Basi hilo ndilo likawa neno la mwisho. Kidonda kilipona kikaacha kovu, na watoto wa kijiji wakalipa jina, kovu la mbio. Bibi alitaka kumshusha Bendera wiki ileile, akisema mtoto anayekimbia damu yake hafai kukaa nyumbani. Mimi niligoma kula. Nililala nimemkumbatia nikakataa kubanduliwa, mpaka Bibi akachoka, akasema woga unaweza kutibika, akae. Shule zikafunguliwa Skola akiwa bado kwetu. Shangazi hakupona. Baada ya mazishi hakuna aliyetaja tena habari ya kumrudisha.

Nami nikamsamehe. Hilo neno nalileta hapa kwa makusudi. Nilimsamehe kwa kukimbia, nikajiona mtoto mwenye moyo mkubwa, na tukaendelea na maisha. Tulimaliza shule pamoja, tukashuka mlima pamoja. Mimi nikawa fundi cherehani mjini Same, yeye akaolewa Mwanga akawa anauza samaki wa bwawani, na hata leo nikifungua mlango nikasikia harufu ya perege najua nani amekuja kabla hajapiga hodi. Mume wangu alipofariki, Skola aliacha meza yake ya samaki kwa watu akahamia kwangu. Alikuwa ananilazimisha kuoga, ananilazimisha kula, anawakemea wageni waliokaa sana. Sikumshukuru. Kwa nini nimshukuru? Tulikuwa ndugu, na ndugu akija amekuja. Magauni yake yote ya sikukuu nimemshonea mimi, na katika kila gauni nimepandisha mgongo juu, nikaweka kola pale ambapo wengine wanakata chini, ili kovu la mbio lisimwaibishe mbele za watu. Nililijua lile kovu kuliko mistari ya kiganja changu. Ni mwezi mchanga uliolala, na upande wa kushoto lina pengo, halafu alama ndogo kama jino.

Sasa turudi Desemba. Tulipofika ndivani mafundi walikuwa wameshalichimbua bomba la zamani wakalilaza kwenye nyasi. Lilikuwa limeliwa na kutu, refu kuliko nilivyolidhania. Niliinama kulitazama kwa sababu lilinimeza mguu, na mtu ana haki ya kumtazama adui yake akiwa amelala. Upande wa ndani mdomo wake ulikuwa laini, umesuguliwa na mti na matambara ya miaka yote. Nikazunguka upande wa nje. Huko chuma kilikuwa kimekatwa ovyo na aliyelifunga, nusu ya duara imesimama kali, na upande mmoja kuna pengo, halafu kipande kilichochomoza kama jino. Fundi alikuwa ananiambia kitu kuhusu koki mpya, namwona midomo inacheza. Mimi riziki yangu ni kupima migongo ya watu, na huo mgongo nimeupima tangu nilipojifunza kushika futi. Niligeuka nikamtazama Skola. Alikuwa amesimama mbali, palepale alipokuwa anasimama utotoni, anatazama milima ya mbele kana kwamba ameiona leo.

"Skola," nikamwambia, "njoo hapa." Hakuja. Nikamfuata mimi, nikamshika mabega nikamgeuza, nikaweka kiganja mgongoni mwake juu ya nguo. Akasema, "Naku, acha. Watu wanaona." Nikamuuliza alianguka juu ya jiwe gani. Kisha akaniambia kwa sauti ileile ya chini ya siku aliyotusalimia uani. Alisema maji yalitoka kwa nguvu, halafu yakapungua ghafla, na juu akasikia mzee Kiondo anapiga yowe kwamba Naku amenaswa. Hakujua kuogelea, hakujua afanye nini. Alilichukia tu lile bomba. Aliona ndilo linalonivuta, akataka kulinyima. Akalitupia tope, likatemwa. Akaweka kigogo cha mgomba, kikatemwa. Akakaa. Akauweka mgongo wake kwenye mdomo wa ndiva, akakanyaga jiwe la mbele kwa miguu yote miwili, akasukuma huku analia, na chuma kikaingia. Maji yakajaa nyuma yake mpaka yakaacha kuvuta. Aliposikia Bibi anaimba ndipo akaachia, maji yakamrusha hadi migombani.

Nilikaa chini kwenye tope, na gauni langu la safari. Nilimuuliza kwa hasira kwa nini hakusema, na nilikuwa nimekasirika kweli. Akanitazama kama ananishangaa. "Niseme nirudishwe Bendera?" akasema. "Mwoga walinivumilia. Aliyekalia mdomo wa ndiva wangenivumilia?" Nikamwambia Bibi amekufa zamani, mbuzi gani tena, wazee gani, angesema basi tulipokua. Akacheka kidogo. Alisema kufikia hapo Baba mdogo alikuwa ameshaisimulia ile habari harusi zote za Upare, na watoto wake wanaijua kwa moyo. "Hakuwa na kitu kingine cha kujivunia, mzee wa watu. Ningemnyang'anya?" Baba mdogo tulikuwa tumemzika mwanzoni mwa mwaka huohuo. Pale kaburini mchungaji aliitaja habari ya ndiva, mimi nikalia kwa shukrani, na Skola alikuwa kando yangu amenishikia mkoba.

Siku zile za Krismasi nilitembea kama mtu aliyepigwa na kitu kizito. Nakula makande nasahau kutafuna. Kila nikimtazama anapepeta mchele au anawakemea wajukuu, najiambia, huyu alichagua kuitwa mwoga maisha yake yote ili alale kitanda kimoja na mimi. Na mimi nikamsamehe. Nilitaka kusimama mezani niwaambie wote, akanikata jicho nikakaa. Tulibishana wiki nzima baada ya hapo, kwa simu, yeye Mwanga mimi Same, mpaka akanipa ruhusa ya kuandika kwa sharti moja, nisiseme Baba mdogo aliongopa. Hakuongopa. Aliingia kwenye maji yale ya baridi na nguo zake, na alichosema kwamba niliachiwa ni kweli tupu. Hakujua tu kwamba aliyefanya niachiwe alikuwa amekaa upande wa pili wa ukingo.

Ndiva yetu sasa ina saruji na koki ya kuzungusha kwa mkono, na hakuna mtoto anayeingia ndani kuondoa majani. Wajukuu wetu wanapigiana simu kutoka shambani, hakuna ukelele wa kuchanganya, na habari za mdomo usiokaliwa wanazisikiliza wakicheka. Nafurahi kwa ajili yao, ingawa sijui kama kuna mtu wa kuwafanyia alichonifanyia Skola, wala sijui kama wangejua wamefanyiwa. Bomba la zamani fundi alitaka kuliuza chuma chakavu. Nimelikataza. Liko nyuma ya nyumba yangu hapa mjini, na wateja wananiuliza la nini.

Pasaka hii Skola ana harusi ya binti yake, akaja kupimwa gauni. Alivua kitenge, akanigeuzia mgongo kama kawaida, tukiwa wawili tu na cherehani. Nilichukua futi nikaanza juu ya shingo, halafu nikateremka, nikateremka tena, mpaka chini ya kovu, nikaweka alama ya chaki pale. Alihisi chaki ilipofika. Akasema, "Naku, hapo wataliona."

Nikamwambia asimame wima, nisije nikakosea kipimo.